Dirisha la Ijumaa Tisa

Ijumaa hiyo Hatem alikuja peke yake, na hilo tu lilitosha kunitia hofu.

Tangu tuvishane pete hakuwahi kukanyaga nyumba yetu bila mama yake, Hajati Fawqia. Mama yangu mimi alikwisha kufariki, na baba akitoka msikitini siku ya Ijumaa hupitia mkahawani kucheza dado na wastaafu wenzake wa reli mpaka alasiri. Sasa nani angekaa na wachumba wawili sebuleni? Hajati alijiteua mwenyewe. Alikuwa akija na bakuli lake la njegere, anakaa kwenye kiti kilicho mkabala na sisi, anamenya, anasikiliza. Hakuwa akinitaka, wala hakuficha.

"Mwanangu ana miaka thelathini na moja," aliwahi kumwambia shangazi yangu nikiwa nimesimama hapo hapo na sinia la chai. "Huyu daktari wenu kamzidi minne, na uchumba mmoja ameshauvunja. Mwanamke anayechungulia vichwa vya watu atatulia nyumba gani?"

Nilimkaribisha sukari. Ningefanya nini?

"Acha mlango wazi," Hatem aliniambia siku hiyo, kabla hata ya salamu. Alijua majirani wa mtaa wetu wa Muharram Bey wana macho hata kwenye visigino. Koti lake lilikuwa limelowa mvua na hakulivua.

"Mama yuko wapi?"

"Nyumbani. Hajui kama niko hapa."

"Kaa basi. Umekonda mpaka unatisha, roho yangu. Nikuletee chai?"

"Sitaki chai. Inas, kaa wewe." Alingoja nikae. "Nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Baba yangu nilimuua mimi."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, maana Hatem ni mtu wa mzaha, hata siku ya kuniposa alimwambia baba yangu kwamba yeye, fundi wa lifti, amekuja kuulizia lifti ya jengo. Kisha nikaona mikono yake. Ilikuwa imelala juu ya magoti, viganja juu, kama ya mtu aliyechoka kubeba kitu.

"Baba yako alikufa kwa moyo," nilisema. "Wewe mwenyewe uliniambia."

"Hivyo ndivyo tunavyosema. Alikufa bafuni, kwa sumu ya hita ya gesi. Alikuwa anaoga aende sala ya Ijumaa. Majirani walivunja mlango wakamkuta sakafuni kama alivyozaliwa. Mama akaapa hakuna kiumbe atakayejua kwamba Haji Mutawalli ameonekana uchi na watu wa ghorofa ya tatu. Tukasema moyo. Miaka mitatu tumesema moyo, mpaka mimi mwenyewe nikawa naamini."

"Mungu amrehemu. Lakini hita, Hatem... Hita zinaua watu kila kipupwe. Wewe umeingiaje?"

"Hita yetu haikuwa na bomba la kutolea hewa. Dirisha dogo la bafuni lilikuwa likiachwa wazi daima, haliguswi, hata kunyeshe mawe. Kila mtu kwetu anajua. Asubuhi ile niliingia kunyoa kabla yake. Kulikuwa na baridi. Nikanyoosha mkono, nikalisukuma, nikazungusha komeo. Chuma kilikuwa baridi kama barafu. Rangi ya kijani imebanduka, ikaniingia chini ya kucha. Naiona, Inas. Naiona kuliko ninavyokuona wewe hapo ulipokaa."

Maneno yale niliyajua. Niliyaandika mimi, kwa mkono wangu, kwenye meza hiyo hiyo iliyokuwa mbele yetu.

Kazi yangu ni utafiti wa picha za kichwani, pale chuo kikuu. Mtu akiambiwa chungwa, wengine wanaliona mpaka na kikonyo chake, wengine wanaona giza tupu, na sisi tunawauliza, tunawapima, tunaandika. Mwaka huo nilikuwa nachunguza jambo moja. Mwambie mtu aone kichwani, mara nyingi, kitendo kidogo ambacho hakukifanya. Anafunga bomba, anavunja njiti ya kiberiti. Baada ya wiki kadhaa mwulize kama aliwahi kukifanya. Wako watakaokuapia kwamba ndiyo, na watakutajia na rangi ya bomba.

Nilikuwa na sentensi sitini, na kabla ya kuwapa wanafunzi ilibidi nizijaribu kwanza. Kanuni inasema ujaribu kwa watu usiowajua, na kwa ruhusa ya maandishi. Lakini sisi sote idarani hujaribia nyumbani, kwa mke, kwa dada, hata kwa bawabu, kama mpishi anavyoonja chungu. Nami nilijaribia kwa mchumba wangu.

Tena niseme kweli yote. Mbele ya Hajati na njegere zake hatukuwa na cha kuzungumza. Angesema neno la mapenzi, bakuli lingegongwa. Zile sentensi ndizo zilizokuwa mapenzi yetu. "Fumba macho, Hatem," nilikuwa nikimwambia, "unamenya chungwa, ganda linakurukia usoni," na sauti niliyoitumia haikuwa ya utafiti hata kidogo. Yeye alifumba macho akatabasamu. Nilikuwa namtazama nitakavyo, kope zake, ile alama ya kuungua kwenye kidevu, kwa kuwa hata Hajati hawezi kumkataza daktari kuangalia kazi yake.

"Picha unaipa ngapi, moja mpaka tano?"

"Sita."

"Mwisho ni tano, ustadhi."

"Basi nipe sentensi yenye wewe ndani, nikupe tano."

Bakuli likagongwa.

Ijumaa tisa tulifanya hivyo. Sentensi ya arobaini na moja ilikuwa ya kufunga dirisha la bafuni, siku ya baridi. Nililichukua dirisha la kwetu hapa hapa, komeo la chuma na rangi ya kijani, na majengo yote ya zamani ya Iskandaria yana dirisha hilo hilo. Nani angenionya? Mimi niliambiwa mzee alikufa kwa moyo.

Nikainuka nikaleta karatasi. Kwa haraka niliangusha nusu yake sakafuni.

"Soma hapa. Soma, Hatem! Chuma baridi. Kucha. Haya ni yangu, si yako. Nimekuwekea mimi."

Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. "Nakumbuka ukinisomea," alisema. "Kila mara moyo ulikuwa ukinienda mbio, nikadhani ni kwa ajili yako."

"Na alama zako angalia. Wiki ya kwanza umeipa mbili. Ya nne, tatu. Ya nane, tano. Kumbukumbu ya kweli haikui kila wiki kama ujauzito!"

"Au nilikuwa nimeizika, ukanifukulia."

"Sikukufukulia kitu!"

"Umejuaje?" Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. "Kwetu kuna komeo la chuma. Kuna rangi ya kijani. Siku ile nilinyoa, hilo si lako, hilo nalijua tangu zamani, na lile dirisha lilikutwa limefungwa. Mtu alilifunga, Inas. Mama alikuwa jikoni, ndugu zangu wako ughaibuni. Nani? Paka?"

"Huenda baba mwenyewe. Huenda upepo."

"Upepo unazungusha komeo?"

Niliinama kuokota karatasi zilizobaki chini.

"Wewe ni mtu wa elimu," akasema. "Niambie kwa yakini kwamba sikulifunga. Neno moja tu. Nitakuamini."

Wallahi, lilikuwa mdomoni. Hukulifunga. Nani angenishika uongo? Lakini nilimfikiria akiamka mwaka mmoja baadaye kando yangu, ananiuliza tena kwa yakini, na tena, na mimi namdanganya mpaka kaburini. Elimu yangu inaweza kusema kuhusu watu mia. Kuhusu mtu mmoja, asubuhi moja, haina la kusema.

"Siwezi," nilijibu. "Naamini hukulifunga. Naamini kwa moyo wangu wote. Lakini yakini sina."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa hukumu aliyoitarajia.

"Leo baada ya alasiri nitamwambia mama, kisha niwapigie ndugu zangu. Baada ya hapo sijui." Akatazama chini, akashusha sauti. "Juzi nilikuwa kazini juu ya lifti, ghorofa ya tisa, kwenye jengo moja kule Sidi Gaber. Nikatazama kiunoni, mkanda wa usalama haukufungwa. Sikuusahau, Inas. Sikuufunga tu."

Nilipiga magoti mbele yake, mlango wazi, majirani na waone. Nikaishika mikono yake kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Ilikuwa ya baridi. "Usiniambie hivyo," nilisema. "Hatem, roho yangu, nitukane, nipige, lakini hilo usilifanye. Nimekosa mimi. Nilichezea kichwa chako kwa sababu nilitaka kukutazama ukiwa umefumba macho."

Alitaka kunijibu. Kabla hajasema, mlangoni pakasikika mtu anahema.

Hajati Fawqia alikuwa ameshika mwimo kwa mikono miwili. Amepanda ghorofa nne kwa miguu, buibui limelowa mpaka magotini, na hakuna bakuli. Hakuniambia niinuke. Alimtazama mwanawe.

"Umetoka bila kula," alisema, "nikajua uko hapa. Nimekusikia kutoka ngazini. Unasema nini, wewe mtoto? Umuue baba yako?"

"Mama..."

"Nyamaza. Dirisha nililifunga mimi."

Hatem alisimama. Mimi nilibaki pale pale chini.

"Alikuwa analalamika baridi," Hajati alisema. "Kila Ijumaa analalamika, Fawqia nitakufa kwa baridi humu. Nikaingia, nikalisukuma, nikazungusha komeo. Nikarudi jikoni. Miaka yote nimekaa nalo kifuani. Basi. Lako limekwisha. Ukitaka kumchukia mtu, mama yako huyu hapa."

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Niwaambie wanangu nimewafanya yatima?"

Akamkumbatia. Mwanamume mzima, fundi wa lifti mwenye mabega kama mlango, akalia kwenye bega la mama yake mpaka shela ya mama ikaanguka kutoka kichwani. Niliona shingo yake ikilegea. Wiki tatu ilikuwa imekakamaa, na sasa imelegea, na akanitazama juu ya kichwa cha mama yake kwa macho yake yale ya zamani. Nilishukuru. Nilisema kimoyomoyo, Alhamdulillah, imekwisha, tutaoana.

Hajati alikuwa bado anazungumza, amemkumbatia, anampapasa mgongo kama anambembeleza kulala. "Lile komeo," alisema. "Chuma baridi kama barafu. Na rangi yake mbovu ile, imebanduka, imeniingia chini ya kucha. Nikiosha vyombo naiona. Nikisali naiona."

Nikageuka nikakitazama kile kiti cha mkabala.

Ijumaa tisa alikuwa amekaa pale, hatua tatu kutoka kwetu, mikono inamenya na masikio yapo kazini. Kila sentensi niliyomsomea mwanawe, yeye aliisikia. Nani alimpima Hajati? Nani alimwuliza picha yake ni ya ngapi?

Nilikuwa na njia ya kunyamaza. Hatem amepona mbele ya macho yangu. Mama amekubali kuubeba mzigo kwa hiari yake, na mama yeyote angeubeba. Mimi ningevaa nguo nyeupe mwezi wa nne. Hakuna mtu duniani aliyelijua hili ila mimi. Kisha nikamtazama vizuri yule mama aliyenichukia kwa mwaka mzima, nikaona midomo yake ilivyokauka na jinsi anavyosugua kucha za mkono wa kulia kwa kidole gumba, anasugua, anasugua. Huyu hakuwa anadanganya kumwokoa mtoto. Aliamini kila neno.

"Hajati," nilisema. "Picha hiyo umeanza kuiona lini?"

"Lini nini?"

"Wakati wa matanga uliiona? Mwaka wa kwanza, uliiona?"

Macho yake yalitafuta kitu ukutani. "Nilikuwa na msiba," alisema. "Mtu mwenye msiba ataona nini? Imekuja sasa. Kipupwe hiki."

"Inas, acha," Hatem aliniambia.

"Kipupwe hiki ukiwa umekaa kwenye kiti kile, unanisikia nikisoma."

"Inas!"

"Siwezi kumwacha nalo, Hatem. Mtazame vidole vyake!"

Nikampa Hajati karatasi. Hakujua kusoma, nikamsomea. Nilisoma kwa sauti kavu, si ile ya Ijumaa. Nilipofika kwenye kucha, kidole gumba kikasimama. Akaketi kwenye kiti chake kile kile.

Mvua ilikuwa inapiga vioo.

"Kwa hiyo ni nani?" Hajati aliuliza mwishowe. Sauti ilikuwa ya mtoto. "Ni nani aliyelifunga?"

"Sijui, mama. Huenda ni mmoja wenu, huenda ni marehemu mwenyewe kwa sababu ya baridi. Picha zote mbili zimetoka kwangu, na sasa zimefunika chochote kilichokuwa chini yake. Hatutajua tena. Hilo ndilo kosa langu, na halina dawa."

Nilimwita mama. Sikuwahi kumwita hivyo.

Hatem alikuwa amerudi kukaa. Alinitazama, mara akayafumba macho, akayafungua, akatazama pembeni.

"Nini?" nilimwuliza.

"Hakuna kitu."

"Niambie."

"Nikikutazama naliona lile dirisha," alisema. "Sauti yako ndiyo iliyoniambia nifumbe macho. Hata sasa ukizungumza, mkono wangu unataka kuinuka. Nakupenda, Inas, Mungu shahidi. Lakini naliona."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilijua tangu alipotaja mkanda kwamba tutafika hapa, nikajizungusha kama ng'ombe wa sakia, lile gurudumu la kuteka maji, ili nisifike. Kazi yangu ndiyo inayonifundisha kwamba picha ikiguswa kila siku hukaza, na isipoguswa hulegea. Na mimi ndiye niliyekuwa mkono wa kuigusa. Ningempikia, ningemzalia, na kila asubuhi ningemfungulia bafu lile na kumwonyesha baba yake.

Nikavua bangili mbili, nikavua na pete. Kwetu anayevunja uchumba ndiye hurudisha dhahabu, na watu huhesabu kosa kwa kuangalia dhahabu imelala kwa nani. Nikaiweka mapajani mwa Hajati.

"Waambie nimevunja mimi," nilisema. "Wakiuliza sababu, sema daktari ana kiburi, huyu wa pili sasa. Hakuna atakayeuliza habari za mzee wala za bafu."

"Watakusema vibaya," Hajati alisema.

"Na waseme."

Alinishika mkono, akaubana kwa nguvu ambazo sikujua anazo. "Mimi nilikuonea," alisema. "Nilidhani utamchukua kwangu."

"Sikiliza, mama. Huyu asipande lifti peke yake. Leo usimwache peke yake, hata dakika. Nitakuandikia jina la daktari mmoja wa kike wa hospitali. Kesho asubuhi mpeleke wewe mwenyewe, na wewe uingie. Mweleze yote. Mwambie na la mkanda."

"Mkanda gani?"

"Atakwambia njiani."

Hatem aliinuka niliposema kesho asubuhi, kama mgonjwa anayejua kwamba wenye afya wameshaamua. Karibu na mlango akasimama.

"Na hiyo picha, nisipokuona wewe, itafifia?"

"Inshallah. Polepole."

"Na wewe?"

Nilikuwa nimeshakataa kumdanganya. "Na mimi," nilisema. "Nitafifia nayo."

Sikungoja aseme lingine. Nilikwenda jikoni nikasimama nyuma ya mlango, mgongo ukutani, kiganja mdomoni. Nilisikia Hajati akimfunga vifungo vya koti. Nilisikia maji ya mvua yakidondoka kwenye kapeti ya baba.

"Inas," aliita. "Njoo nikuone. Mara moja tu."

Hatua sita zilikuwa zinatosha. Nilimtaka mpaka meno yakaniuma. Lakini kila nilipotaka kunyanyua mguu niliona ghorofa ya tisa.

"Inas!"

"Twende, mwanangu," Hajati akasema. Nikasikia viatu vyao vikishuka ngazini, vya mmoja vikisimama kila ghorofa kumsubiri mwenzake, mpaka chini.